Miwani Niliyoikanyaga Mwenyewe

Jumatatu, 4 Machi

Leo mpwa wangu mwalimu kaja dukani na gauni lake mkononi. Hata kukaa hakukaa. "Mjomba, umenishonea ndani nje." Nikamwambia hiyo ndiyo fasheni mpya, mafundi wengine wa mtaa huu bado hawajaifikia. Hakucheka. Akachomoa sindano: haya tunga, nikuone.

Mimi! Mimi niliyemshonea bwana harusi suruali akiwa ameivaa, gari linakwenda, kona na mashimo, na hata tone la damu halikutoka!

Nikajaribu. Nikajaribu tena. Mwishowe nikasema sindano hii kiwandani wamesahau kuitoboa. Akaichukua, akaitunga mara moja. Keshokutwa hospitali ya macho, ameshaamua. Ni dada yangu mtupu, huyu.

Jumatano, 6 Machi

Mtoto wa jicho. Macho yote mawili! Daktari anasema la kushoto limezidi, wataanza nalo Jumanne. Akauliza kama niliwahi kuvaa miwani. Nikasema ilipotea.

Hapa niandike kweli, maana hasomi mtu. Haikupotea. Miaka miwili iliyopita, kwenye mkutano wa injili uwanjani, mhubiri mgeni alisema mwenye imani aachane na miwani. Nikapanda jukwaani, nikavua, nikaikanyaga kwa kisigino, umati mzima unaona. Nikapaza sauti kwamba naona vifungo vya shati la mtu wa nyuma kabisa! Vigelegele vikapigwa. Na haki ya Mungu, dakika ile niliamini naviona.

Njiani kurudi nikamsalimia mchungaji wetu kwa heshima zote. Kumbe ni koti limeanikwa.

Nikangoja wiki. Nikangoja mwezi. Kisha nikaacha kwenda kanisani. Wanaouliza nawajibu kazi zimenizidi. Lakini ukweli ni kwamba nilimwamini Mungu mbele za watu, naye akaninyamazia mbele za watu. Nikaona na mimi ninyamaze.

Jumapili, 10 Machi

Nimebaki nyumbani. Kwaya inasikika mpaka hapa. Besi imepwaya tangu nilipoondoka, hilo kila mtu analijua. Nimefunga dirisha. Nimelifungua tena. Joto.

Jumatatu, 11 Machi

Nimelazwa. Wodi ya vitanda vinne, mimi cha tatu. Cha pili yuko mchimba visima, kanizidi umri, viganja kama majembe. Jicho lake la kulia lilipasuliwa mwaka jana, likaharibika, halioni hata mwanga. Kesho linapasuliwa la kushoto — ndilo pekee lililobaki.

Nikamsimulia ile suruali ya bwana harusi. (Kwake lile gari nimeligeuza pikipiki.) Akacheka mpaka kitanda kikalia. Naye akasema aliwahi kuchimba kisima kirefu mno, akasikia watu wa upande wa pili wa dunia wanamwambia apunguze kelele. Nimempata mwenzangu!

Alasiri akakaa kitako, akaanza kunong'ona. Nilidhani anaongea na mkewe kwenye simu: nimekwambia mara ngapi, ile ya mwaka jana sijaisahau, na safari hii usinichezee. Kutazama vizuri — hana simu!

"Unaongea na nani, kaka?"

"Naomba."

"Mbona kama unagomba?"

"Sasa nigombe na nani, na wewe? Wewe ndiye uliyeniumba?"

Akamalizia na amina, akala chakula chake chote. Na mkate wangu nusu.

Jambo hili limenikaa. Inaruhusiwa? Mimi nilijua mtu akikasirika anaondoka. Huyu amekasirika, na hajaondoka.

Jumanne, 12 Machi

Tumepasuliwa wote wawili. Naandika kwa kalamu nene na lile jicho bovu lililobaki, maneno matano yanajaza ukurasa. Nimemwambia mpwa wangu kwamba nilikataa ganzi. Muuguzi akadakia: huyu huyu aliyenibana mkono mpaka vidole vikafa? Wauguzi wana mambo mengi, huchanganya wagonjwa.

Nimejaribu. Nimejifunika shuka mchana kweupe ili nisisikike. Nikaanza, ee Baba uliye mwema — ikakwama. Uongo mtupu, hata mimi mwenyewe niliusikia. Nikaanza upya: Ulinitia aibu. Ile miwani ilikuwa nzuri, fremu nyeusi, na kwaya nzima ilikuwa pale! Basi yakafumuka kama mshono mbovu, ya miaka miwili yote. Nilipomaliza nikajikuta nimetega sikio. Nasubiri! Sasa nasubiri nini? Mtu hategi sikio kwa asiyekuwepo. Hili bado nalichunguza.

Na kuna jingine, dogo. Yeye hakuniambia nikanyage. Alisema mhubiri. Na vile vifungo nilivitaja mwenyewe, wala hakuna aliyeniuliza.

Jumatano, 13 Machi

Daktari yumo wodini, bandeji zinafunguliwa kwa zamu. Kitanda cha kwanza kaona! Kaomba kioo, kajitazama, kasema arudishiwe bandeji yake. Tumecheka sote. Mchimba visima kacheka kidogo tu.

Mpwa wangu amesimama miguuni pangu. Mjomba, acha kuandika, wewe ndiye unayefuata baada ya huyu. Nikamwambia sogea, unaniziba mwanga.

Sasa ni zamu ya kitanda cha pili. Plasta. Chachi. Pamba. Daktari ameinua mkono, anauliza hivi ni vidole vingapi. Mchimba visima anapepesa jicho.

Maneno yangu ya sala nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri, ya jicho langu. Yamekimbia yote. Yaliyokuja ni haya: Huyu kwanza. Mimi ninalo la kulia, litapasuliwa mwezi ujao. Huyu hana jingine. Na leo sisemi kwa kujionyesha, hakuna hata anayenitazama.

Daktari anauliza tena. Namsikia jirani yangu anavuta pumzi. Bwana, mpe aone hata kidole kimoja —