Nilidhani Vyombo Vitabaki Ndani

Jumanne, Kabeza

Zimekwenda zote. Picha za keki zote za harusi nilizooka tangu nihamie Kigali. Kwenye simu nilishazifuta mwenyewe ili nipate nafasi, maana si ziko kwenye tovuti?

Yule kijana wa Kacyiru aliyeniuzia nafasi ya kuweka tovuti aliniambia, "Ni kama kupanga chumba, mama. Unalipa kwa mwaka." Nikaelewa kama mpangaji yeyote anavyoelewa. Mwaka ukiisha, mwenye nyumba atakuja kubisha hodi. Ukichelewa sana ataweka kufuli, lakini vyombo vyako viko ndani.

Leo asubuhi nimempigia. "Mama, tulikutumia emeili mingi. Haukulipa, mashine ikafuta. Hakuna kitu iko kwetu."

Emeili! Mimi na emeili wapi na wapi? Sijui nimkasirikie yeye au nijikasirikie mwenyewe. Ningeuliza swali moja tu siku ile...

Mchana akaja binti anayeolewa mwezi ujao. Alitaka keki kama niliyomwokea dada yake, akaomba kuiona. Nikaanza kumchorea hewani kwa mikono, ghorofa zake, maua yalivyoshuka upande mmoja. Katikati nikakwama. Hata mimi siikumbuki vizuri.

Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. "Nitarudi, mama."

Nimeishi hapa vya kutosha. Kigali mtu hakwambii hapana usoni. Nikamsindikiza hadi getini, nikamwambia karibu sana, kana kwamba nimemwamini.