Hongera ya Daktari

Jumatatu, 3 Machi
Ugonjwa wangu una jina: sonona. Daktari wa zahanati kaliandika kabisa. Mama mkwe kasema enzi zao uliitwa uvivu. Kidonge kimoja kila asubuhi. Hakisaidii siku hiyo hiyo, daktari kasema. Sawa, muda ninao. Wiki hii tumeonana uso kwa uso, wiki ijayo kwa simu ya video, hivyo hivyo kwa zamu. Mtoto ana miezi minne, hana habari.

Jumanne, 11 Machi
Simu! Nilifagia kona moja, ile inayoonekana. Juu blauzi ya kutokea, chini gauni la kulalia. Daktari ana maswali tisa. Sifuri ni hakuna shida, tatu ni kila siku. Usingizi? Sifuri. Kulia? Sifuri. Mama mkwe kadakia kutoka mlangoni: anakula, daktari, ila kwa kubembelezwa kama bibi harusi! Tukacheka wote watatu. Jumla nikapata mbili. Daktari kanipa hongera. Shuleni sikuwahi kupewa hongera, hata ya kuwahi namba ya asubuhi. Kasema basi wiki ijayo nisihangaike kwenda, tuonane baada ya mwezi.

Nikakata simu. Kumbe nimefaulu mpaka nimefukuzwa.

Alhamisi, 13 Machi
Sijaoga. Mtoto kalia, nikamtazama. Najua ni wangu, nampenda. Mikono ndiyo haikuinuka. Mama mkwe kaja kumchukua, kisha karudi kunifunika khanga — yeye!

Jumanne, 18 Machi
Nimekuja zahanati bila kuitwa. Mama mkwe kanifuata na mtoto, eti ananyoosha miguu. Nesi wa dirishani: wewe si wa mwezi ujao, mama? Nikamwambia nimekuja kurudia mtihani, ule nilidanganya. Kasema huku watu hudanganya waonekane wagonjwa, wapate ruhusa kazini, yako kali! Kanipa karatasi ya maswali na penseli.

Niko kwenye benchi. Usingizi, tatu. Kulia, tatu. Kula, mbili. Mkono umeshachangamka. Limebaki la tisa — kama huwa naona afadhali nisingekuwepo. Kwenye simu nililijibu haraka kuliko yote.

Mama mkwe kachungulia. Kaanza: mficha maradhi... Kamhamishia mtoto bega la pili.

Nimeandika sifuri. Nimefuta. Moja. Nimefuta tena, karatasi inataka kutoboka. Nesi anaita jina langu. Subiri kidogo, nesi, bado naandika —