Sanduku la Ishirini na Mbili

Harlan Forks, Missouri
Jumapili, 27 Mei 1956

Dada yangu mpendwa Verna,

Natumaini barua hii itakukuta umesimama jikoni na si kitandani, na kwamba kile kikohozi kilichokung'ang'ania tangu Februari kimekuacha. Mimi ni mzima wa mwili. Msalimie sana shemeji Homer, umwambie nimefurahi kusikia kwamba ng'ombe mwekundu amezaa salama. Huku mvua imenyesha wiki nzima, lakini leo jua limetoka na watu wamerudi kutoka kanisani wamebeba makoti mikononi.

Nimezipata barua zako zote mbili. Katika ya kwanza uliniuliza kama chuo kimenijibu. Katika ya pili uliniuliza tena, ukaongeza kwamba Daktari Prewitt hukusimamisha kila akikuona barabarani, anataka kujua kama ile barua aliyoandika kunipendekeza imefanya kazi. Nisamehe kwa kukaa kimya. Jibu lipo, na nitakuambia. Ila niruhusu nilifikie polepole, maana nikianza nalo sitapata nguvu ya kuandika yaliyobaki.

Hakuna ajuaye kuliko wewe jinsi nilivyokitaka chuo hiki. Nilikuwa na miaka tisa siku ile ulipokwama kitandani kwa sababu ya mgongo, siku ya nne hiyo, baada ya kuinua ndoo za nguo za watu. Daktari Prewitt alikuja na mkoba wa dawa kama daktari yeyote, lakini kabla ya kuufungua aliingiza mikono chini ya mgongo wako akafumba macho, kama mtu anayetega sikio kwa redio ya jirani. Jioni ulitembea mwenyewe mpaka kisimani. Niliuliza amejifunza wapi, akasema kuna vyuo vya osteopathia ambako daktari hufundishwa kila kitu wanachofundishwa wengine, halafu hufundishwa na mikono pia. Tangu siku ile sijawahi kutaka kitu kingine.

Ndiyo maana nilipopata kazi ya ukarani hapa ulisema ni sawa na kumkalisha mwenye njaa mlangoni pa jiko. Ulikuwa sahihi. Meza yangu iko upande wa pili wa ukuta wa chumba cha Profesa Stroud, anayefundisha anatomia, na ukuta wenyewe ni wa mbao. Asubuhi wanafunzi wanapanda ghorofani kwenye maiti, wanafunua misuli mmoja baada ya mwingine na kujifunza unaanzia mfupa gani na kuishia wapi. Mchana wanashuka huku chini, wanavua mashati na kulala kwenye meza wawili wawili kwa zamu, na yule aliyesimama hutafuta kwa vidole chini ya ngozi ya mwenzake kile alichokiona asubuhi kwa macho. Profesa ana maneno ambayo husema kila mwaka, na sasa nayajua kwa moyo: "Yule wa juu hawezi kukwambia kama unamuumiza. Huyu wa hapa ataguna. Msikilize."

Kuna zoezi moja lilinikosesha raha kwa kutamani. Profesa huchukua unywele mmoja wa mkia wa farasi, akauweka chini ya karatasi, na mwanafunzi lazima aupate kwa ncha za vidole na kuufuata ulivyolala, macho amefumba. Akiupata, huongezwa karatasi ya pili, halafu ya tatu. Nami nikaanza kulifanya mezani kwangu wakati wa chakula cha mchana. Bi Oleta, karani mkuu, alinikuta siku moja nimefumba macho vidole viko juu ya rundo la karatasi, akaniuliza kama nasali au nasinzia. Nilipomweleza alicheka, halafu akang'oa unywele wake mmoja mweupe akanipa, akisema wa farasi ni mnene mno, hata nyanya yake aliyekuwa kipofu angeuona. Nilifika karatasi kumi na tisa kwa unywele wa Bi Oleta.

Kisha mwezi wa Novemba mwanafunzi mmoja aliugua, idadi ikawa haigawanyiki kwa mbili, na Profesa akafungua mlango wetu akauliza kama anaweza kuazima karani mwembamba. Bi Oleta akamjibu kwamba anaye mmoja na mbavu zake zinahesabika toka barabarani. Basi nikalala kwenye ile meza, Dada. Aliyepangwa kunishika alikuwa Dwight Kessinger, kijana mkubwa wa mashambani, mikono kama makoleo, ambaye kila akipita ofisini hunitania. Aliwahi kuniambia nina macho ya ng'ombe anayechungulia mahindi ya jirani. Nilidhani atanifanyia mzaha mbele ya wenzake. Badala yake aliniinamia, akawa ananong'ona kila anachokipata, ili na mimi nijifunze. Alipoweka vidole chini ya masikio yangu alisema, "Hapa, karani. Pingili ya kwanza ya shingo. Hii ndiyo inabeba kichwa chako na hayo mawazo yako yote, maskini." Baada ya hapo, kila mara walipohitaji mtu wa kulala, aliniomba mimi, na kila mara alinong'ona. Nilichokijua siku ya usaili, nusu yake nilifundishwa na Dwight.

Sasa nikueleze habari ya masanduku. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huazimwa sanduku la mbao lenye mifupa ya nusu mtu, akakae nayo chumbani kwake aizoee kwa mikono. Ni mifupa ya watu kweli. Mimi ndiye ninayeyatoa na kuyaandika daftarini. Mwaka juzi wanafunzi wawili walitia mfupa wa kidole kwenye mkoba wa msichana dansini, mji mzima ukasikia, na familia tatu zilizokuwa zimekubali kukipa chuo miili ya wazee wao zikabadili nia. Mkuu wa chuo alitangaza mbele ya wote kwamba atakayepoteza mfupa tena ataondoka siku hiyo hiyo, hata kama ni mwanawe.

Siku ya Jumatatu, tarehe kumi na nne mwezi huu, masanduku yalirudishwa, na Profesa akayakagua mwenyewe. Sanduku la ishirini na mbili lilikosa pingili ya kwanza ya shingo. Lilikuwa mikononi mwa Dwight.

Nilikuwepo, nikiandika. Profesa alimuuliza mfupa wa mtu ameuweka wapi. Dwight alisema hajui, kwamba tangu achukue sanduku lile alikuwa akisoma mikono na miguu tu, shingo alishaimaliza zamani. Alisema angejua angesema. Hakuna aliyemwamini, kwa sababu ndiye anayetania kila mtu, na mtu wa mizaha akisema hajui huonekana bado anatania. Alisimama akiwa ameshika kofia kwa mikono yote miwili. Mimi niliandika kwenye daftari "pungufu moja," na mwandiko wangu ulitoka mzuri, umenyooka kama siku zote.

Wiki iliyofuata, Jumatatu asubuhi, Mkuu wa chuo alinipa rasimu mbili nizipige taipu. Bi Oleta alikuwa amekwisha kuziona. Aliniwekea ya kwanza mezani akatabasamu, akasema, "Hii piga mwenyewe, na usikosee jina." Ilikuwa barua ya kumjulisha Bwana Leland Purcell kwamba amepata nafasi katika darasa linaloanza Septemba.

Ndiyo, Dada. Nilipata. Niliipiga taipu nikiwa siioni vizuri kwa machozi.

Ya pili ilikuwa ya kumfukuza Dwight Kessinger.

Sasa nimefika pale nilipokuwa napakwepa tangu mstari wa kwanza, na ninakuomba uketi.

Mfupa ule niliuchukua mimi. Ilikuwa Ijumaa, tarehe ishirini na saba Januari. Nilikuwa nimesikia kwamba kwenye usaili Profesa huwapa waombaji mfuko wa nguo wenye mifupa, wataje kila mmoja kwa kuushika tu bila kuuona. Sanduku la ishirini na mbili lilikuwa kabatini, halina mtu. Nilitoa pingili ile moja, nikaitia mfukoni mwa koti, nikakusudia kuirudisha Jumatatu kabla ya Bi Oleta kufika. Sikuiandika daftarini. Jumatatu ikaja simu ya maandishi kutoka kwa shemeji Homer kwamba una homa ya mapafu, nami nikapanda treni bila kurudi ofisini. Siku zile tisa nilizokaa nawe, koti langu lilining'inia nyuma ya mlango wa chumba chako na mfupa wa mtu ukiwa ndani yake. Ukilala, niliusogelea nikaushika. Nakuambia hili kwa sababu ulinisifu kwa kila aliyekuja kukuona jinsi nilivyokuwa sibanduki kando ya kitanda.

Nilipokuwa huko bawaba za sanduku la Dwight zilivunjika, na Bi Oleta akampa lile la ishirini na mbili. Niliporudi nilikuta limeandikwa jina lake. Ningeweza kumwendea jioni ile ile nikamwambia ukweli. Lakini usaili ulikuwa baada ya wiki tatu, nikaogopa lisije likamtoka kwenye mizaha yake. Nikajiambia nitaurudisha mfupa atakaporudisha sanduku. Halafu siku yenyewe Profesa akaamua kukagua mwenyewe, akiwa amesimama mbele yangu.

Kwenye usaili nilitaja mifupa yote kumi na miwili. Wa mwisho ulikuwa pingili ya kwanza ya shingo, na niliutaja kabla vidole havijaufumbata. Profesa akauliza nani amenifundisha. Nilisema nimekuwa nikisikiliza ukutani. Wakacheka wote, wakapenda.

Jumatatu ile nilizipiga taipu barua zote mbili na nakala zake, bila kosa hata moja, nikaziweka kwenye jalada la kutiwa sahihi. Usiku huo sikula wala kulala. Jumanne asubuhi nilienda kwa Profesa Stroud nikamwekea mfupa mezani. Alikuwa ananawa mikono. Alijifuta, akauchukua, akafumba macho kama anavyofanya siku zote, akaupitisha vidoleni taratibu. Akasema, "Upande huu umelainika. Umekaa nao muda mrefu." Nikasema tangu Januari. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, ila yeye nilimweleza vibaya zaidi, nikirudia rudia.

Hakunikemea, nami nilitamani anikemee. Aliniuliza kama nilijua Dwight atafukuzwa nilipoandika lile neno "pungufu." Nikasema nilijua. Akaniuliza kama nilijua nilipokuwa napiga taipu barua. Nikasema nilijua. Akakaa. Alisema kufundisha mikono anaweza, amefanya hivyo miaka ishirini na sita, na yangu ni mizuri kuliko mingi iliyopita pale. "Lakini mgonjwa hulala chali na kukuachia shingo yake, kijana," akasema. "Hana njia ya kujua ni nani amemshika." Kisha akapita ofisini kwetu, akachukua barua yangu kwenye jalada, ile yenye jina nililolipiga mwenyewe, akaikunja mara mbili akaitia mfukoni. Nilimuuliza kama naweza kuomba tena mwaka mwingine. Akasema hajui, na nisimlazimishe kujua leo.

Barua ya Dwight ilichanwa mbele yangu. Hilo nililiona kwa macho yangu.

Jumatano Dwight alikuja dirishani kwangu. Bi Oleta aliinuka akatoka, akijifanya ana jambo la kufanya kwenye varanda. Nilikuwa nimejiandaa kwa ngumi, na kweli ningeishukuru. Alisimama tu, akaegemeza lile bega lake kubwa kwenye kizingiti, na kwa mara ya kwanza hakuniita karani.

"Leland, ungeniomba tu," alisema. "Ningekupa sanduku zima."

Akaenda zake. Tangu siku hiyo hupita nje ya dirisha, hutazama mbele.

Wamenikubalia kufanya kazi mpaka mwisho wa Juni, kwa sababu majina ya wanafunzi wapya lazima yaandikwe na hakuna mwingine anayejua daftari. Nikiisha kukabidhi, nitakuja nyumbani, kama wewe na shemeji Homer mtanipokea. Nakuomba usimwambie Daktari Prewitt lolote. Alitia jina lake chini ya jina langu, kwa hiyo nitamwendea mwenyewe na kusimama mbele yake. Kanisani ukiulizwa, sema siendi. Usiseme walininyima, maana hawakuninyima.

Usidhani nimeacha kukitaka, Dada. Nilifikiri nikishasema ukweli hamu itapungua, kama jipu lililotumbuliwa. Haikupungua. Jana mchana nilisikia upande wa pili wa ukuta wakianza mbavu, vidole vyangu vikawa vinatafuta juu ya meza bila mimi kuvituma, nikavikalia.

Nafasi yangu imepewa aliyekuwa anafuata kwenye orodha, binti mmoja wa Iowa anayeitwa Corinne Vandeveer. Ijumaa nilimpigia taipu barua yake. Niliandika maneno yale yale, nikabadili jina tu. Niliisoma mara tatu nisije nikawa nimekosea anwani, nikaibandika stempu, nikaipeleka mwenyewe stesheni, nikasubiri mpaka mfuko wa barua ulipopandishwa. Iliondoka na treni ya saa kumi. Nadhani mpaka unaposoma haya, ameshaifungua, na anawaita wa nyumbani kwao waje waisikie.

Nisalimie wote, hata wale watakaonicheka. Kitunze kifua chako, usifue nje asubuhi mapema kabla umande haujakauka. Ukiniandikia, niandikie lolote, hata ukiwa na hasira.

Ni mimi mdogo wako, ninayekukumbuka,
Leland