Supu ya Wodi ya Wazazi

Renáta shosti, hutaamini.

Unajua tangu nijifungue juzi wamenilaza chumba namba sita, sisi Waroma watupu, Wajipsi kama wanavyotuita. Leo mchana nikabeba supu yangu mpaka chumba cha kulia, nikakaa mezani na wazazi wa vyumba vingine, wasio Waroma.

Nesi akaja mbio. "Ninyi mnakula kulekule chumbani kwenu!"

Nikamuuliza, "Sisi akina nani?"

"Usinitafutie maneno. Unajua mwenyewe."

UNAJUA MWENYEWE! Mbele ya watu wote!

Nikamwambia, "Dada, ninachojua ni kwamba nimezaa kama hawa. Nionyeshe palipoandikwa nisile hapa."

Akatishia kumwita daktari. Nikasema mwite, huku nachota supu.

Mara mlango ukafunguka. Vierka! Yule mpole wa kitanda cha pembeni chumbani kwetu, ambaye hata maji huona haya kuomba. Mkono mmoja sahani, mwingine kaushikilia mshono wa upasuaji, anatembea kajikunja. Akavuta kiti, akaketi ubavuni mwangu.

"Na mimi nitakula hapa," akamwambia nesi.

Daktari hajaja mpaka sasa. Chakula cha jioni tunakwenda kula hukohuko, chumba kizima namba sita.