Kanda ya Babu

Olmotonyi, Arusha
Septemba 1994

Mpendwa mdogo wangu Naftali,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu, wewe pamoja na mama Ebenezer na wote walio chini ya paa lenu huko Machame. Je, kifua chako kimepata nafuu tangu baridi ianze kupungua? Sisi huku tu wazima wa mwili. Hedwiga anaendelea kuuguza goti lake, na mlima umejifunika mawingu. Utulivu wa moyo ndio uliotupungukia, na ndiyo sababu ya waraka huu, ambao nakusihi uusome hadi mwisho kabla hujasema neno na mtu.

Wajua kwamba Anande wangu ni msimamizi wa zamu katika chumba cha kompyuta cha shirika. Usidhani ni hizi ndogo za mezani. Ile ni mashine inayojaza chumba, na kazi zake hupangwa foleni kama wagonjwa wa zahanati, ndogo zikipitishwa upesi na kubwa zikitafutiwa nafasi zisizuie nyingine. Anayeamua ipi iingie na ipi ingoje ni Anande. Mwezi uliopita alikabidhiwa kazi moja ndefu mno, ya kuchambua kumbukumbu zote za shirika kabla ya wanunuzi kulichukua. Ilitakiwa kuendelea usiku na mchana bila kukatizwa, nawe unajua mgawo wa umeme ulivyo mwaka huu. Inachambua nini, sikuambiwa. Alisema tu kwamba isipokwisha kwa wakati, yeye na wenzake watafukuzwa.

Mwanao Ebenezer alikuwa akija kutoka Sombetini baada ya ibada kula nasi, akimtania: "Dada, hivi hiyo mashine yenu imelalia mayai? Mbona haitaki kuguswa?" Hedwiga alicheka hadi akajifuta machozi. Anande hakucheka, nami nikadhani ni uchovu. Na Ebenezer huyo huyo, kwa kuwa ni dereva wa shirika, ndiye aliyehangaika mji mzima kutafuta dizeli ya jenereta, akaishusha kwa mikono yake mlangoni pa chumba kile, ili kazi ya dada yake isizimike.

Ikazimika. Umeme ulikatika nje ya ratiba, na jenereta likagoma kuwaka. Jioni ile Anande aliketi jikoni bila kuvua koti, nikamsikia akimwambia mama yake kwamba mwana ameharibika, baba hasomeki, amebaki babu peke yake. Naftali, nilikwisha kuchukua kofia yangu na kuuliza msiba uko nyumba gani! Ndipo akanieleza kwamba kazi ndefu kama ile hunakiliwa kwenye kanda kila siku. Kanda ya leo huitwa mwana, ya jana baba, ya juzi babu. Mwana akiharibika, hurudi kwa baba. Baba naye akishindikana, kazi huanza upya kutoka pale alipoishia babu. Kwa hiyo babu hafutwi mpaka mwana athibitike. Nilifurahi kusikia kwamba hata mashine imewekewa utaratibu wa vizazi.

Kisha akaniuliza swali. Ikiwa kazi imekufa yenyewe, bila mkono wa mtu, na yeye peke yake ndiye ajuaye kwamba babu bado anasomeka, je, akinyamaza ni dhambi? Nilimtazama nikaona hofu, nikadhani ni hofu ya kuanza upya. Nikamjibu kama nilivyowajibu watoto wa kipaimara miaka yote, kwamba mtumishi mwaminifu hafichi alichokabidhiwa. Akainama, akasema, "Haya, Baba." Jumapili nikauomba usharika mzima uiombee kazi ya binti yangu, na Ebenezer aliitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Anande akaianza kazi upya kutoka kwa babu, ikaisha salama, kwa wakati. Ndugu yangu, sasa vumilia. Kazi ile ilikuwa ya kupanga majina ya watumishi watakaopunguzwa, na jina la Ebenezer limo. Anande alijua inapanga nini, ila alikuwa amekula kiapo cha kutosema. Jina la kaka yake alilihofia tu, mpaka alipoliona likichapwa. Ndipo kiapo kikamshinda, akaja akanilalia begani.

Aliyeifufua kazi ile, basi, ni mimi. Barua za kuachishwa zitatolewa mwisho wa mwezi. Juzi Ebenezer alipita hapa akaniuliza, "Baba mkubwa, yale maombi yetu yalijibiwa?" Nikasema yalijibiwa, nikamsindikiza hadi barabarani. Bado sijui kama nilimjibu Anande vibaya. Naogopa kwamba ningeulizwa tena leo ningejibu vilevile, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Usimlaumu binti yetu, wala usimfichue. Njoo kabla ya mwisho wa mwezi tumwambie Ebenezer sote wawili, asikutane na habari hii katika bahasha. Chumba cha uani nimekipaka chokaa. Yeye na mkewe wakishindwa kodi ya Sombetini, waje na watoto wao. Shule iko karibu, na shamba halijapata mkono wa kijana siku nyingi.

Hedwiga anamkumbatia mama Ebenezer. Mwambie asilie sana. Mwana ameangushwa, nawe baba, kifua chako nakijua. Lakini wajukuu wana mahali pa kuanzia, kwa maana babu bado anasomeka.

Ni mimi, kaka yako katika damu na katika imani,
Melkizedeki