Mashine ya Chumvi ya Kelvin

Mildura, 6 Novemba 1994

Mwanangu Rohan,

Hujambo huko mgodini? Joto la Newman halijakukausha bado? Huku tu wazima, isipokuwa nyonga yangu. Daktari ameniambia niogelee kila siku, lakini klorini ya unga inanichubua ngozi. Kelvin kaninunulia mashine ya chumvi: unamwaga chumvi bwawani, umeme unaigeuza klorini, basi. Iko bado kwenye boksi inakungoja wewe. Fundi umeme wetu ni nani mwingine? Kelvin mwenyewe ndiye aliyesema, “Mwite Rohan, aje Krismasi, aifunge yeye.” Njoo, baba.

Mama yako

Newman, 19 Novemba

Mama, shikamoo.

Mimi mzima. Nyonga inaendeleaje? Krismasi siji. Sitaweza kumwona Kelvin kwenye kiti cha baba, akikata nyama. Hata mwaka haukuisha tangu tumzike, mkaoana. Tuyaache hayo.

Tafuta fundi mwenye leseni. Mwambie mashine ichukue umeme wake kwenye pampu inayozungusha maji, ili pampu ikizima na yenyewe izime. Maji yakisimama huku mashine inafanya kazi, gesi hujaa ndani, na cheche moja tu inatosha kuilipua. Aifunge nje penye hewa, siyo ndani ya banda la pampu. Na aweke swichi ya kukata umeme ukivuja. Huyo mzee wako asiguse waya hata mmoja.

Mwanao

Mildura, 11 Desemba

Rohan wangu,

Marahaba. Natumaini barua hii inakukuta salama. Kelvin nilimsomea yako, isipokuwa pale pa kiti. Alicheka: “Mwambie nimefunga umeme kwenye mabanda ya ng'ombe tangu yeye hajaota meno!” Mafundi wote hapa wamejaa kazi mpaka Februari, naye alitaka iwe tayari siku yangu ya kuzaliwa. Kaifunga mwenyewe bandani, ina plagi yake na saa yake ya kuiwasha na kuizima. Maji ni laini, ngozi haiwashi tena. Niliogelea mpaka nikalia, Rohan, kwa kusikia mwili hauumi.

Anasema ukija uikague, hatanuna. Njoo hata kwa siku moja.

Mama yako

Newman, 20 Desemba

Mama,

Salamu baadaye. Chomoa hiyo plagi sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma! Ikiwa na plagi yake, maana yake haijui pampu imezima. Na iko bandani! Acha mlango wazi, msiiguse mpaka fundi aje. Nilipiga simu leo asubuhi, akapokea yeye, nikakata. Ndiyo maana naandika.

Rohan

Mildura, 8 Januari 1995

Rohan,

Barua yako ilichelewa na posta ya sikukuu. Ilinikuta natoka hospitali.

Siku moja kabla ya Krismasi majani yaliziba pampu, ikapata moto ikazima. Mashine ikaendelea peke yake. Kelvin alipita, akaona pamekuwa kimya, akaingia bandani kutazama. Mimi nilikuwa jikoni namenya viazi. Kishindo kilivunja kioo cha dirisha. Nilimkuta amekaa chini, mikono usoni, anauliza, “Merle, uko salama?” Vipande vya plastiki ya mashine vilimwingia machoni. Wamemtibu Melbourne. Macho yote mawili hayapo tena.

Ile simu aliniambia siku ile ile. “Alikuwa Rohan,” alisema. “Nilimsikia anapumua. Nikasema, ‘Zungumza, mwanangu, niko hapa,’ akakata.” Alikaa karibu na simu mpaka chakula cha mchana, akidhani utarudia.

Sikulaumu, na sitaki tusemezane kuhusu lawama. Nimekwambia yaliyotokea.

Mama yako

Mildura, 5 Machi

Mwanangu,

U mzima? Hujajibu, nami nakosa usingizi nikifikiri umepatwa na jambo. Niandikie hata neno moja.

Kelvin yuko nyumbani. Hali chakula vizuri, haongei sana. Bwawa limekuwa kijani na limejaa mbu, majirani wamelalamika. Akiniuliza kama naogelea, namjibu ndiyo. Jana alianguka bafuni. Nilivuta mkono, nikavuta bega, hakuinuka. Tukakaa wote wawili sakafuni, maji yanatiririka, mpaka yule mama wa jirani akasikia ninavyoita. Kelvin alilia kwa aibu. Sijawahi kumwona akilia.

Siwezi peke yangu, Rohan. Sikuombi umpende.

Mama yako

Newman, 14 Machi

Mama, shikamoo.

Barua zako zote zilifika. Nilianza kujibu mara nyingi, nikachana.

Nimeacha kazi. Basi langu linafika Mildura Jumanne jioni. Bandani usiingie, umeme wa huko nitaukata mwenyewe.

Kelvin usimwambie lolote. Nitaongea naye mimi.

Mwanao