Kiungio cha Chini cha Tangi

4 Mei

Mwanangu mpendwa,

Habari za huko? Kifua kimepona? Sisi wazima, ila mama yako hasemi nami kwa sababu ya bawa lililolala sebuleni. Ndege yangu imekaribia kwisha! Sasa naziba viungio vya tangi la petroli. Nilipaka gundi isiyoyeyuka kwa petroli, nikajaza upepo, nikapitisha povu la sabuni nje nione panapovuja. Kiungio cha chini, pale mafuta yanapotokea kwenda kwenye injini, kikatoa mapovu. Nimekifungua, naanza upya.

Baba yako

17 Mei

Shikamoo Baba,

Kifua kimepona, lakini barua yako imeniacha mdomo wazi. Ndege? Nilidhani ni utani, kama ile boti yako ambayo haikuwahi kugusa maji! Nakusihi usiruke. Na kama hunisikii, basi paka gundi nyingi, nje na ndani, pasipenye hata tone. Fanya hivyo kwa ajili yangu.

Binti yako

29 Juni

Marahaba mwanangu,

U mzima? Nisamehe kwa kimya. Mkono ulifungwa plasta, na hata sasa naandika kwa taabu.

Niliruka. Nilikuwa juu ya mashamba injini ikakohoa, ikazima. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Upepo tu, na mimi mwenyewe nikimwita mama yako kwa sauti. Nikaishusha kwenye mahindi ya watu, bawa likang'oka.

Fundi mwenzangu, anayenisaidia kuijenga, alifungua tangi. Akanyoosha kiganja: kipande cha gundi, kinene, laini kama ulimi. Ile ya ndani ilibanduka, ikaziba tundu la mafuta.

Usijilaumu hata kidogo. Fundi ni mimi. Nilijua ndani haipakwi, maana ikikaa kwenye petroli hulainika na kubanduka hata isipoyeyuka, nikapaka, ili nikuandikie kwamba nimefanya ulivyosema.

Mama yako sasa anasema nami. Maneno yenyewe siwezi kuyaandika.

Baba yako

8 Julai

Baba, shikamoo.

Nimeisoma barua yako nimesimama kwenye ngazi, nikajikuta nimekaa. Majirani wakapita wakinikwepa, mmoja kaniuliza kama nimefiwa. Nikasema hapana, kisha nikalia kama niliyefiwa.

Kazini nimeomba ruhusa. Bosi kauliza mgonjwa ni nani, nikamwonyesha barua yako.

Mwambie Mama nakuja, anitandikie popote. Usijibu barua hii, jibu halitanikuta.

Binti yako